Jengo la kuachia pombe linapofanana na bweni la zamani

Kuna hii ishu ya vituo vya kuacha pombe na madawa kwa wenyeji wa asili wa Kanada, watu wanabishana jengo lenyewe liweje, wengine wanasema habari za umbo na mila ni mbwembwe tu, muhimu ushauri na dawa. Mi siwaungi mkono, ila siwapingi pia moja kwa moja.

Chukua Poundmaker's Lodge, kituo kimoja kule St. Albert, Alberta. Kilianza 1973, jengo la sasa lilichorwa baadaye na msanifu Douglas Cardinal kwa umbo la tipi, ile hema ya duara ya wenyeji. Sasa eneo lenyewe ndo palikuwa na shule ya bweni iliyofungwa 1968, zile shule ambazo watoto walichukuliwa kwa wazazi wao na kuadhibiwa wakiongea lugha ya nyumbani. Wapo wanaosema safi kabisa, pamekuwa petu, hata ibada zilizobanwa kisheria mpaka 1951 zinafanyika hapohapo. Mwingine anauliza, mzee aliyeumizwa pale akiwa mtoto unamrudishaje palepale eti akapone? Kwangu mimi aulizwe mwenyewe, tena kabla hajapanda gari.

Halafu angalia ndani. Korido ndefu milango pande zote, vitanda vimepangwa mstari, mlango unafungwa kwa nje, mtu aliyekulia bweni mwili unashtuka kabla akili haijajua kwa nini, ushauri hata haujaanza kashaaga. Au bango linasema tunaheshimu mila, mtu akichoma majani ya seji aombe, king'ora cha moto kinalia hehe. Feni ya kutoa moshi tu imewashinda?

Lakini mila za nani? Kibanda cha mvuke, kile cha kutokea jasho huku mnaomba, ni cha Wacree na makabila mengine, Muinuiti, mwenyeji wa kaskazini kwenye barafu, si mila yake, na wenyeji kibao ni Wakristo. Halafu Alkali Lake, kijiji cha wenyeji kule British Columbia, hawakusubiri msanifu: Phyllis Chelsea aliacha pombe 1972 baada ya binti yake mdogo kugoma kurudi nyumbani kwa sababu ya ulevi, mumewe Andy akafuata, akiwa chifu akawabana wauza pombe, kidogokidogo karibu kijiji kizima kikaacha. Ila wale walipona wakiwa kwao. Ukimpandisha mama kwenye ndege aende kituo cha mbali, wanae wakabaki, hata jengo liwe duara umeshawatenganisha tena kama shule zilivyofanya. Hela ikiwa ndogo, mi ningejenga kwanza vyumba vya familia, tipi ije baadaye.