Fulana za pinki tumevaa, chuchu hakuna aliyeitaja

Oktoba hii, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya titi, ofisini tuligawiwa fulana za pinki, tukapigwa picha ya pamoja, tukakatiwa keki. Ndiyo, keki. Kisha akasimama mtoa mada, kijana nadhifu, akatufundisha kujipima: inua mkono, zungusha vidole, tafuta uvimbe. "Usipokuta uvimbe, mshukuru Mungu, uko salama." Ukumbi mzima makofi. Mimi nilibaki nimekunja mikono, maana mama yangu mdogo hakuwahi kushika uvimbe wowote, na leo titi lake la kushoto halipo.

Kwake yeye ilianza kwa kuwasha. Chuchu moja tu, ya kushoto. Ngozi ikawa inabanduka vigamba vidogo, jioni akivua sidiria anakuta doa la majimaji ya njano limekauka kitambaani. Akailaumu sidiria, maana ni ya mtumba. Akabadilisha sabuni. Akaenda duka la dawa la mtaani, akapewa tyubu. Mnazijua zile tyubu: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi, zote humo humo, tunapaka kuanzia mapunye ya mtoto hadi uso wa bi harusi. Akapaka, kukatulia. Akaacha, kukarudi. "Hiyo ni pumu ya ngozi, mama," akaambiwa, akaongezewa tyubu nyingine. Ramadhani ikapita, Idi zote mbili zikapita, yeye anapaka.

Kile kitu kinajulikana. Kinaitwa ugonjwa wa Paget, saratani inayojitokeza kwenye ngozi ya chuchu, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza, James Paget, aliyeueleza mwaka 1874. Yaani mwaka mmoja tu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, kuna mtu alishaandika kwamba kidonda cha chuchu kisichopona kinaweza kufuatwa na saratani ndani ya titi. Na sisi mpaka leo tunauziana tyubu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, dada zangu. Pumu ya ngozi mara nyingi hushika pande zote mbili, na huanzia kwenye ule weusi unaozunguka chuchu. Paget kwa kawaida ni upande mmoja, huanzia kwenye chuchu yenyewe ndipo isambae kwenda nje. Inawasha, inachoma, inatoa maji au damu kidogo, inaota gaga, gaga linadondoka, mtu anadhani amepona. Chuchu inaweza hata kulala au kuzama ndani. Ile steroidi inapoza juu, ndiyo maana inadanganya vizuri hivyo, lakini wengi wenye ugonjwa huu wana saratani nyingine ndani zaidi ya titi, hata pale ambapo mkono haushiki kitu. Kipimo chake si cha ajabu: daktari anachukua kipande kidogo cha ngozi ya chuchu, kinakwenda maabara. Mama mdogo alipofika kwa daktari aliyeamua kukata hicho kipande, alisema alihisi sindano ya ganzi tu. Tyubu zake alikuwa amebeba kwenye mfuko wa rambo, azioneshe.

Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke akishafika kituo cha afya na dalili, majibu yawe yamepatikana ndani ya siku 60. Sawa, tunashukuru. Ila hizo siku zinahesabiwa akishafika. Anayezunguka na tyubu mtaani hajaanza hata kuhesabiwa, kisha tunakaa semina kushangaa kwa nini takribani wanawake 8 kati ya 10 wanaogundulika hapa Tanzania wako hatua ya tatu au ya nne, zile za mwisho. Tunasema wanaogopa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Wengine wanaogopa, kweli. Wengine walikuwa wanatibiwa fangasi.

Na kuna hii nyingine inayonitoa machozi ya hasira. Saratani ya titi ya aina ya uchochezi, ambayo haingoji miezi: ndani ya wiki chache titi linavimba, linakuwa zito, linapata joto, ngozi inakuwa na vitundu kama ganda la chungwa. (Machungwa yetu ya Muheza ni ya kijani, lakini vitundu ni vile vile.) Mara nyingi hakuna uvimbe kabisa, na siku inapogundulika tayari imeshahesabiwa hatua ya tatu kwenda juu. Sasa kipeperushi tulichopewa kimeandika "wekundu wa ngozi," na pembeni picha ya titi la Mzungu, jekundu kweli kweli. Mwanamke wa Mtwara atauona wapi huo wekundu? Kwenye ngozi yetu titi linaweza kuwa jeusi zaidi ya mwenzake, au la zambarau, au kahawia iliyoiva. Akiwa ananyonyesha ndiyo basi tena: bibi atasema mtoto kabeulia ziwa, zahanati itasema ni maambukizi, atapewa antibiotiki. Mara nyingi huwa ni maambukizi kweli. Lakini akimaliza dozi na titi liko vile vile, dozi ya pili si jibu. Hapo ni ultrasound, na kipande cha ngozi.

Haya, nikubali kwa shingo upande: uvimbe ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na vipele vingi vya kifuani ni joto la Dar na sidiria ya kubana. Fulana za pinki nazo kuna watu zimewasukuma kwenda kupima. Keki sijaikubali.

Mengine mnayajua au mtayajua: uvimbe wa kwapani, chuchu iliyozama ghafla wakati zamani ilisimama, damu inayotoka yenyewe bila kukamua, kishimo kinachotokea ukiinua mikono mbele ya kioo. Na wanaume, msicheke, nanyi mnaipata, ingawa kwa uchache.

Ukienda hospitali, usiseme "nina vipele." Sema: ni upande mmoja, kilianzia chuchuni, nimepaka dawa hii na hii, hakijapona. Tyubu beba. Na daktari akikuambia wewe bado mdogo, saratani ni ya wazee, mwombe kwa adabu zote ayaandike hayo kwenye cheti, aweke jina na sahihi. Utaona kalamu inavyohamia kwenye fomu ya ultrasound.