Pemfigasi Kigoma: dawa kwanza au kipimo kwanza?

Mtu wa Kasulu au Uvinza mwenye vidonda vya mdomoni visivyopona kwa miezi, mara nyingi huwa ameshapewa dawa ya fangasi, akapewa antibayotiki, akapimwa VVU. Malengelenge yakizuka mgongoni, majirani husema ni mkanda wa jeshi, na wapo watakaomtengea sahani na kikombe. Inauma, kwa sababu pemfigasi haiambukizi hata kidogo. Ni kinga ya mwili inayoshambulia protini zinazoshikanisha seli za ngozi, ndiyo maana ngozi hubanduka hata ikisuguliwa kidogo. Kwa wagonjwa wengi huanzia mdomoni.

Je, daktari wa mkoani aanzishe prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, kabla ya kipimo cha kipande cha ngozi? Wanaokataa wana hoja nzito. Dawa hiyo hupandisha sukari, huamsha kifua kikuu kilicholala, na kwa mwenye minyoo ya strongiloidi inaweza kuleta kifo. Tena malengelenge yanayozuka siku au wiki chache baada ya mtu kuanza Septrin (antibayotiki) au nevirapini (dawa ya VVU) ni janga jingine kabisa: dawa iliyoyaleta iachwe siku hiyo hiyo.

Lakini mabingwa wa ngozi wako mbali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma. Ngozi iliyobanduka hupoteza maji na kupitisha vijidudu. Kabla ya dawa jamii ya steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wagonjwa wengi walikufa. Asiyeweza kumeza hata uji hawezi kuambiwa asubiri nauli.

Mimi nasema aanzishiwe, ila kwanza kikatwe kipande kidogo pembezoni mwa lengelenge jipya, kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, na kitumwe maabara. Kipimo cha kuangalia kingamwili kinataka kipande kingine kisichotiwa fomalini; hicho kinaweza kufuata baadaye. Apimwe sukari, achunguzwe kifua kikuu, apewe dawa ya minyoo.

Kinachonitia hofu zaidi ni baada ya nafuu. Mgonjwa aliyemeza prednisoloni kwa wiki nyingi akiiacha ghafla, presha inaweza kushuka vibaya hadi kuhatarisha maisha. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi. Basi asiruhusiwe kurudi kijijini kabla mtu wa nyumbani kwake hajaelezwa hilo kwa Kiswahili au Kiha, na tarehe ya kurudi kliniki ikaandikwa kwenye daftari lake.