Na Pemba nayo itazamwe

Nimesoma habari kua serikali itazidi kuwapa wawekezaji wa hoteli unafuu wa kodi, mie sipingi, utalii ndo unaotuletea fedha nyingi za kigeni Zanzibar na ile 2020 ya korona sote tuliona hoteli zilipofungwa nani aliumia. Lakini jamani mbona faida kubwa inaishia Nungwi, Kendwa na Paje kule Unguja tu?? Huku Pemba tuna msitu wa Ngezi na popo wetu ambae hapatikani kwengine kokote duniani, tuna kisiwa cha Misali na matumbawe yake, wageni wanaofika ni kidogo mno.

Na jengine, mwekezaji akisamehewa ushuru awekewe sharti kwa maandishi kua atanunua kwa wakulima na wavuvi wa hapa, maana tungule, vitunguu, mbatata, mpaka mayai vinavuka bahari kutoka Bara vinaingia hotelini na mama wa Micheweni huku Pemba mboga zake zinamuozea. Tena alipe kwa wakati! Kuna hoteli jamaa yangu kawapelekea pweza na ngisi akazungushwa miezi, njoo kesho njoo kesho, mtu ana mafuta ya mashine ya boti ya kulipia na watoto wa skuli, akaacha kabisa kuwauzia. Mvuvi mdogo hawezi kuikopesha hoteli.

Kozi za upishi na kuongoza watalii nazo ziongezwe huku Pemba, Chake Chake na Wete, ada iwe ya kumudu mtoto wa mvuvi.