Nilivyompindua Mchungaji Mpweke

Ninatunza wazee hapa Bremen, Ujerumani. Bibi mmoja alipokaribia kutimiza miaka 85, nilimuuliza anataka zawadi gani. Akajibu: "Der einsame Hirte." Mchungaji Mpweke. Nikamuuliza, huyo yuko chumba namba ngapi?

Kumbe ni muziki! Hauna hata neno moja, lakini pale hakuna mzee asiyeujua. Aliutunga James Last, mzaliwa wa hapahapa Bremen, na mwaka 1977 Mromania Gheorghe Zamfir akaupulizia filimbi. Niliposikilizishwa nikaruka: si ndio huu wa *Kill Bill*, ile filamu ya 2003? Kwa jinsi ilivyojaa panga za samurai, miaka yote nimebishana na watu kwamba muziki huu ni wa Kijapani.

Nikasema nitampulizia mwenyewe. (Kiherehere changu hakina dawa.) Kwenye mnada wa mitumba nikapata filimbi yenyewe, inaitwa nai: vijibomba 20 vimepangwa kwa urefu, kama watoto mstarini. Nikafanya mazoezi wiki tatu. Ajabu, kila nikitaka sauti ipande, inashuka.

Jioni ya kuamkia sherehe, jirani yangu Mromania akagonga mlango. Nikaanza kumwomba radhi kwa makelele. Wala hakunijibu. Alinipokonya filimbi, akaigeuza, akanirudishia, akaenda zake. Vibomba virefu hukaa kulia. Mimi wiki tatu nzima nilikuwa nampuliza mchungaji kinyumenyume.

Kesho yake nikasimama mbele ya wazee na elimu ya usiku mmoja. Kupuliza nai ni kama kupuliza mdomo wa chupa tupu, ila chupa zenyewe ni 20 na unazirukia huku na huku. Inakula pumzi! Mstari wa kwanza nilipita. Wa pili nikaona nyota. Ukumbi ukaanza kuzunguka, nikatafuta pa kujishikiza, nikakamata kitambaa cha meza. Keki ilikuwa juu yake.

Nipo sakafuni, krimu imejaa sikioni, nikasikia muziki unaendelea, safi kabisa. Wazee walikuwa wanaupiga mluzi, hata yule babu ambaye kila asubuhi huniuliza mimi ni nani. Wakaupiga mpaka mwisho, ndipo mtu akakumbuka kuniinua.

Bibi akachovya kidole kwenye krimu begani kwangu, akaonja.

"Afadhali ulivyoanguka, kijana. Ulikuwa unatuharibia."