Di María Hakuwa Msaidizi wa Messi

Waulize mashabiki watano nani aliipa Argentina Kombe la Dunia 2022. Utasikia Messi, kisha kipa Emi Martínez, na Ángel Di María atatajwa mwishoni, kama mtu aliyesahaulika akakumbukwa njiani. Hilo linaniuma. Naamini kabisa kwamba bila winga huyu Messi angestaafu timu ya taifa bila kombe hata moja la wakubwa.

Tazama fainali zake. Beijing 2008, Olimpiki, Argentina 1 Nigeria 0: bao lake, mpira juu ya kipa. Maracanã 2021, Copa América: De Paul anapiga pasi ndefu, Renan Lodi anaukosa, Di María anaunyanyua juu ya Ederson, na ukame wa miaka 28 wa Argentina unakwisha. Wembley 2022 dhidi ya Italia, Donnarumma naye anatoka golini na mpira unampita juu. Kijana mwembamba waliyembatiza Fideo, yaani tambi, aliyetegemea karibu mguu wa kushoto pekee. Presha inayowafanya wengine wapige mashuti ya hasira, yeye ilimpa utulivu.

Kisha Lusail, Qatar, fainali ya Kombe la Dunia 2022 dhidi ya Ufaransa. Kocha Scaloni alimpanga kushoto, na Ufaransa hawakujua wamfanye nini. Akamzunguka Dembélé, akachezewa faulo, penalti. Dakika ya 36 Mac Allister akamtengea pasi, akafunga, akaanza kulia mechi ikiwa bado mbichi. Alitolewa dakika ya 64 Argentina ikiongoza 2-0. Ufaransa walizinduka baada ya hapo, na Mbappé akasawazisha kwa mabao mawili ya haraka. Sisemi ni sababu pekee, ila rudia mechi ile uone upande wa kushoto ulivyopoa alipokwenda benchi.

Ndiyo maana fainali ya Kombe la Dunia 2014 bado inanikera. Alikuwa ameumia paja dhidi ya Ubelgiji. Mwenyewe amesimulia kwamba asubuhi ya fainali ilikuja barua ya klabu yake, Real Madrid, kumtaka asicheze, naye akaichana bila kuisoma. Hakucheza hata hivyo, na Argentina wakafungwa 1-0 na Ujerumani. Miezi michache kabla alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Lisbon. Mbio zake ndizo zilizozaa bao la Bale. Agosti hiyohiyo akauzwa.

Manchester United walimnunua kwa karibu pauni milioni 60, rekodi ya Uingereza wakati huo, wakamhamisha nafasi kila mara, na baada ya msimu mmoja akaondoka. Wapo wanaompima kwa mwaka ule. Wanasahau kwamba PSG ya Ufaransa, alikokwenda baadaye, alikaa miaka saba.

Kinachonifanya nimheshimu zaidi ni Rosario, mji wa Argentina alikokulia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa makaa, na yeye utotoni alisaidia kuyajaza kwenye mifuko. Mwaka 2024 familia yake ilitishiwa maisha huko, akaahirisha kurudi. Mwaka 2025, akiwa na miaka 37, akarudi Rosario Central, klabu yake ya ujanani, kutoka Benfica ya Ureno. Agosti, katika dabi dhidi ya Newell's, mahasimu wa mji huohuo, akapiga faulo kwa kushoto, ikaingia, 1-0. Wachezaji wa umri wake wengi wanaenda kutafuta pesa rahisi. Yeye alirudi kwenye dabi yenye joto kuliko zote, mbele ya watu waliomjua akiwa mtoto.