Ilhan Omar: mnairuka sehemu tamu

Huku Mombasa ukimtaja Ilhan Omar, yule mbunge wa Kongresi ya Marekani, utaambiwa vitu viwili, kwamba aliishi kambi ya wakimbizi ya Utange na kwamba saa hii yuko Washington anarushiana maneno na Trump, basi. Hapo katikati hakuna anayejali, na kwangu mimi hapo katikati ndo penye mambo.

Ya Utange ni kweli. Kazaliwa Mogadishu 1982, vita vilipochacha 1991 familia ikakimbilia Kenya wakakaa kambini hapo karibu miaka minne, kambi yenyewe imefungwa zamani, kuna vijana wa Kisauni hawajui hata kama iliwahi kuwepo. 1995 wakaingia Marekani, baadaye wakahamia Minneapolis, jimbo la Minnesota. Akiwa msichana wa miaka 14 hivi akawa anafuatana na babu yake kwenye vikao vya chama cha Democrat, mzee anapenda siasa lakini Kiingereza hana, mjukuu ndo mkalimani. Shule ya siasa gani inashinda hiyo jamani?

Sasa kabla hajagombea chochote alisimamia kampeni za watu wengine, akawa msaidizi wa diwani mmoja wa jiji. Februari 2014 kikao cha chama pale Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali wenye yale maghorofa marefu, kikageuka ngumi na yeye akapigwa mpaka akaumia kichwa. Vita ilikuwa ni ya kiti cha bunge la jimbo, Mohamud Noor, Msomali mwenzake, alikuwa anataka kumng'oa mama mmoja anaitwa Phyllis Kahn. Noor akashindwa. Mtu mwingine baada ya kichapo kile angekaa kwake alee watoto, Ilhan 2016 karudi kukitaka kiti hichohicho mwenyewe.

Na huyo Kahn si wa mchezo, mwanasayansi, alikuwa bungeni miaka 44, yaani kaingia Ilhan hata hajazaliwa. Kwenye mchujo wa chama wa Agosti wakawa watatu, Kahn, Noor na Ilhan, na kwa hesabu za barazani ungesema Wasomali wawili watagawana kura za kwao na mama apite katikati. Ila eneo lile lina pia Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa hiyo Ilhan hakubaki kuhesabu kabila, aliwafuata wanafunzi na wazungu wa mrengo wa kushoto pamoja na Wasomali, akawashinda wote wawili. Mgombea wa Republican, naye Msomali (hapa nilicheka), akasimamisha kampeni yake, Novemba ikawa kumalizia tu.

Lakini mashabiki wake nao watulie. Bunge la jimbo alikaa muhula mmoja tu, chama chake kilikuwa upande wa wachache, na ukiwa wachache unapiga kelele tu miswada yako inalala kabatini. 2018 Keith Ellison akaachia kiti chake cha Washington agombee uanasheria mkuu wa jimbo, Ilhan huyo akakirukia. Halafu 2019 bodi ya fedha za kampeni ya Minnesota ikamwambia arudishe kama dola 3,500 za kampeni yake ya jimbo na faini dola 500 juu. Huku kwetu hizo ni hela za mafuta ya msafara, mtu asingeulizwa, ila sheria ni sheria na mimi simtetei hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza alifanya nini kwenye bunge la jimbo nitakwambia kidogo sana. Kipaji chake ni kutafuta kura, kumjua nani anakaa wapi na nani hajawahi kuombwa kura maishani, na hicho alikijenga miaka mingi akiwatumikia wengine bila jina lake kuwa kwenye karatasi ya kura. Mnaosema ni bahati ya mkimbizi basi mtazameni na Noor pia, kashindwa 2014, kashindwa 2016, na 2018 Ilhan alipokiacha kile kiti akakichukua yeye.