Nyimbo za Kale Zisigeuzwe Dawa ya Usingizi

Mwaka 1994 albamu ya watawa Wabenedikto wa Santo Domingo de Silos, Hispania, iliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na tangu hapo waandaaji wengi wa matamasha huuona wimbo wa Kigregori, yaani uimbaji wa kale wa Kanisa Katoliki kwa Kilatini, kuwa kitu cha kutuliza mawazo tu. Ndiyo maana tunawashiwa mishumaa, tunaongezewa mwangwi wa mitambo na kinanda kinachonguruma chinichini, huku maneno ya zaburi yakimezwa yote.

Wanaoimba katika matamasha ya namna hiyo wangefaa kukaa kwanza na wenzao wa Ayalandi. Katika uimbaji uitwao sean-nós, unaostawi hasa Connemara, magharibi mwa nchi hiyo, mtu mmoja huimba kwa Kiayalandi bila ala yoyote. Maneno ndiyo yanayotawala mwendo, na madoido ya sauti hubadilika ubeti hadi ubeti. Joe Heaney, aliyezaliwa Carna, huko huko Connemara, mwaka 1919, aliimba "Caoineadh na dTrí Muire", maombolezo ya mateso ya Kristo ambamo Maria anamuuliza Petro kama amemwona mwanawe. Sauti yake ni kavu, haibembelezi, na anayeisikiliza hawezi kusinzia. Alipohamia Marekani, ambako alikuwa bawabu New York kabla ya kufundisha chuo kikuu huko Seattle, aliwasimulia wasikilizaji kisa cha wimbo ndipo akauimba. Hakuulainisha ili wamwelewe.

Kwa nyimbo za enzi za kati kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa alama za muziki za karne ya 10 huonyesha sauti inapopanda, inaposhuka na inapokawia, lakini hazitaji ni juu au chini kwa kiasi gani hasa. Marcel Pérès, aliyeanzisha kundi la Ensemble Organum mwaka 1982, aliziba pengo hilo kwa kuwashirikisha waimbaji wa jadi wa Corsica, kisiwa cha Ufaransa. Wapo waliompinga kwamba Corsica ya leo si ushahidi wa jinsi Roma ya kale ilivyoimba, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ulaini wa uimbaji wa abasia ya Solesmes, Ufaransa, ambao wengi huudhania kuwa ndio ukale wenyewe, nao uliundwa kuanzia karne ya 19. Kati ya makisio hayo mawili nachagua lile ambalo mwimbaji anasikika akisema jambo.

Basi tafsiri ya maneno ichapishwe na kugawiwa mlangoni, na katika kanisa la mawe vipaza sauti vizimwe.